Sambusa ni Pembetatu

Jumamosi iliyopita nilikatazwa kula sambusa ndani ya nyumba yangu, sambusa niliyoinunua kwa pensheni yangu, mpaka kwanza nitaje umbo lake. Aliyenikataza ana miaka minne na miezi saba, na kaptura alikuwa ameivaa nyuma mbele. Nikamwambia hii ni sambusa. Akasema, "Najua, babu. Umbo lake?" Nikamwambia umbo lake ni la sambusa. Akanitazama kwa ile huruma niliyokuwa nikiwatazama nayo watoto wa darasa la kwanza wanaoandika tisa ikiwa imelala chali.

"Ni pembetatu, babu. Rudia."

Nikarudia. Nilikuwa na njaa.

Huyu ni somo wangu. Amerithi jina langu, kwa hiyo tunaitana somo kama desturi ya pwani ilivyo, na siku anapewa jina sikujua kwamba neno hilo litakuja kunigeukia na ile maana yake nyingine. Mimi ni mwalimu mstaafu. Niliingia kazini mwaka 1977, enzi za UPE, kila mtoto alipotakiwa kwenda shule na walimu hawatoshi. Tukakusanywa vijana, tukapikwa harakaharaka, tukamwagwa vijijini. Watani wakatuita Ualimu Pasipo Elimu. Nikavumilia miaka 40. Nimefundisha pembetatu kwa kuchora mchangani na kijiti cha mwarobaini, watoto tisini wamechuchumaa duara, na mbuzi wa mwenyekiti wa kijiji amesimama katikati ya mchoro. Kwa hiyo pembetatu naijua. Ninachouliza ni tangu lini sambusa ikawa mtihani.

Lakini nianzie mbali kidogo, maana kisa hiki kina nguruwe ndani yake.

Mama yake somo alipopata kazi ya zamu za usiku, mtoto aliletwa kwetu hapa Ngamiani, Tanga, na mfuko wa nguo, chupa ya dawa ya mafua na simu ya zamani iliyopasuka kioo. "Akisumbua mpeni hii," binti yangu akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kueleza dawa ya mafua. Tukampa. Humo ndani ya simu ndimo alimokuwamo nguruwe.

Simtaji jina. Ni nguruwe wa Kiingereza, mdogo, wa rangi ya waridi, ana baba na mama na mdogo wake, na nina hakika wanasheria wake ni wengi kuliko kuku wangu. Nyumba yetu ni ya swala tano. Mke wangu ni Mdigo, binti wa mwalimu wa chuo, na mswala wake unatandikwa palepale sebuleni. Siku ya kwanza aliposikia mkoromo alisimama mlangoni na sinia mkononi.

"Mnyama gani huyo?"

Nikaitazama simu, nikamtazama yeye. "Mbuzi. Mbuzi wa Ulaya."

"Mbona hana ndevu?"

"Bado mdogo."

"Na huyo baba yake?"

"Amenyoa. Ulaya wananyoa."

Uongo ule ulidumu siku tisa. Siku ya kumi ustadhi aliwauliza watoto chuoni wamtajie mnyama ambaye nyama yake ni haramu. Mwenzake akataja. Somo akaangua kilio: huyo si haramu, ni rafiki yangu, na tena babu amesema ni mbuzi. Jioni ustadhi alipita nyumbani, akanywa chai, akala mkate wa kumimina vipande viwili, akasifu mchele, kisha taratibu akaniuliza habari za mifugo yangu.

Bado hatujafika kwenye madimbwi. Yule nguruwe hupenda kurukia madimbwi kwa miguu yote miwili. Kwao dimbwi ni maji ya mvua yaliyotulia juu ya majani, ukitoka hapo unapanguswa kwa taulo na kupewa keki. Dimbwi letu la masika lina ukoo. Babu yake ni chemba ya nyumba ya wapangaji, limepita nyuma ya banda la chipsi, likaoa mtaro wa sokoni, ndipo likaja kupumzika mbele ya geti langu. Somo alilirukia akicheka kicheko cha Kiingereza. Tulimwogesha mara tatu na mara ya nne ilikuwa mimi.

Baadaye nilisoma kwamba Australia waliwahi kuondoa hewani sehemu moja ya kipindi cha Uingereza cha watoto wadogo, kwa sababu iliwaambia buibui hana madhara, mzoeeni. Kule Australia wapo buibui ambao akikuuma mmoja unakimbizwa hospitali. Sijawahi kufika Australia, lakini usiku ule nilijisikia nina ndugu huko. Waliotengeneza kipindi hawakukosea. Kwao buibui ni wa kuchezea. Wamesema kweli ya kwao, ikasafiri ikafika kwa watu wengine ikawa uongo wa hatari.

Nilijaribu kurekebisha mambo mwenyewe. Nikafunga sauti ya simu nikaweka yangu, kama Lufufu alivyokuwa akitutafsiria filamu za kigeni kwenye mabanda ya video kwa maneno ambayo wenye filamu wangeyasikia wangezimia. Nguruwe akawa binti wa Pongwe, baba yake akawa mzee mstaafu wa reli, nyumba yao ya mlimani nikaipeleka Lushoto. Mambo yalikwenda vizuri mpaka theluji ilipoanguka. Nikasema ule ni mkonge umeanikwa. Somo, ambaye ameona mkonge ukianikwa kila tukienda Muheza kwa basi, akauliza mbona wanateleza juu yake. Nikasema ni mkonge wa daraja la kwanza. Akainuka akaenda kumwambia bibi yake kwamba babu hajui televisheni.

Na msinijie na hoja kwamba theluji ni elimu. Mwaka mzima kitabu na katuni vinamwambia mtoto wa Tanga kuwa Desemba ni baridi, Desemba ambayo hapa godoro linatoa jasho. Nimefundisha miaka yote hiyo herufi A ya Kiingereza kwa tunda ambalo mimi mwenyewe nilikuja kulionja nikiwa na watoto wawili. Kwa Kiswahili cha vitabu tunda hilo ni tufaha. Lakini tufaha la pwani kila mtu analijua: jekundu, laini, lina harufu ya maua, linaangukia uani mwa jirani. Mtoto anayetoka nyumba yenye mtufaha, ukimwonyesha picha ya lile la dukani ukamwambia hili ndilo tufaha, anajua moja kati ya mawili: ama kitabu kinadanganya, ama bibi yake. Wengi wao huamua ni bibi. Hilo ndilo linaloniudhi, wala si tunda.

Haya, msiseme nawaonea wageni. Nawajua waliopata taabu kwao wenyewe. Sesame Street ilipoanza Marekani tarehe 10 Novemba 1969, ilikuwa ni mtaa tu wa mjini, una ngazi za nyumba na duka, weusi na weupe wanaishi hapo pamoja na madubwana ya kitambaa ya Jim Henson, wanafundisha watoto wadogo kuhesabu. Mwaka 1970 tume ya televisheni ya elimu ya jimbo la Mississippi ikapiga kura kisionyeshwe kwao, kwa sababu waigizaji wamechanganyika rangi. Walishikilia hivyo siku 22, wakarudi nyuma. Zingatia: mtaani pale kuna ndege wa manjano mrefu kupita mlango, na kuna dubwana linaloishi ndani ya pipa la taka. Hao hawakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa majirani.

Au nenda Ghuba. Dada yake mke wangu aliolewa Muskat, na wanawe walikulia na Iftah Ya Simsim, ile Sesame ya Kiarabu iliyotengenezwa Kuwait ikaanza mwaka 1979. Ili mtoto wa kila nchi aelewe, waliamua kuongea Kiarabu fasaha, si cha mtaa wa mtu yeyote. Busara kubwa. Matokeo yake, wale watoto nyumbani walisema Kiswahili, mtaani Kiarabu cha Oman, na wakitaka kitu kwa adabu walisema Kiarabu cha televisheni. Walipokuja Tanga likizo, mdogo wao aliomba maji ya kunywa kwa lugha ya khutba ya Ijumaa. Bibi yao akainua mikono akaitikia amina. Maji hakupata.

Afrika Kusini nao walipotengeneza yao, Takalani Sesame, mwaka 2000, hawakuishia kuchukua watu wa mtaa wa Marekani na kuwapaka rangi. Mwaka 2002 wakamwingiza Kami, dubwana la kike, yatima, anayeishi na virusi vya UKIMWI. Kuna watu nje waliokunja uso. Mimi miaka hiyo nilikuwa darasani, na nilikuwa na mtoto ambaye wenzake walikuwa wakihama dawati anapokaa. Hapo sina utani.

Sisi Bara, kwa upande wetu, hatukuwa na cha kugombania, maana hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa na yao ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bara tulisubiri mpaka 1994. Watoto wangu walikulia na Mama na Mwana ya Radio Tanzania Dar es Salaam, sauti ya Deborah Mwenda ikitoka kwenye redio ya betri, wamekaa chini wametulia kama wanaombewa. Redio haikuwa na theluji. Msitu ulikuwa msitu ule ulio kichwani mwako, na fisi alikuwa fisi wa upande wa pili wa shamba lenu.

Kisha ikaja habari njema, nami nikaipokea kwa mikono miwili, ndipo nikapatikana.

Kwanza ilikuwa Ubongo Kids, Januari 2014, pale TBC1. Imetengenezwa Dar es Salaam, Kiswahili, hesabu ndani ya nyimbo. Jina nililinung'unikia hapohapo: Ubongo ni wetu, Kids ni wao. Dada yake somo wakati huo alikuwa na miaka minane, na mtazamaji aliweza kujibu maswali kwa ujumbe wa simu. Akanipa swali la hesabu, nikabonyeza C kwa kujiamini kwa mtu mwenye cheti cha ualimu. Nilikosa. Nilikuwa bado kazini. Nilimpa yule mtoto shilingi mia tano asimwambie mtu, na mpaka leo akitaka nauli hunikumbusha tu ile herufi.

Kisha ikaja Akili and Me, ya wadogo zaidi. Akili ni msichana wa miaka minne, anaishi na wazazi wake chini ya Mlima Kilimanjaro. Akilala anaingia nchi ya ndotoni, Lala Land, na rafiki zake wanyama, simba mdogo, kiboko, komba, wanajifunza herufi, namba, rangi, kunawa mikono, na namna ya kusema umekasirika bila kumng'ata mwenzako. Nywele zake ni nywele za watoto wa hapa. Kiswahili chake ni cha kwetu. Kipindi kikatafsiriwa Kinyarwanda na Kihausa, watafiti wakaenda Morogoro wakawalinganisha watoto waliotazama Akili na wasiomtazama, na waliomtazama wakaonekana kujua zaidi kuhesabu, namba na maumbo. Mtaona hawakuja Tanga kupima hali ya mababu.

Somo alipomwona Akili mara ya kwanza alinyamaza dakika nzima, kisha akaniambia kwa siri, "Babu, huyu anaongea kama sisi." Nguruwe akafa siku ileile. Wiki nzima sikunung'unika. Mke wangu akanipikia uji wa pilipili manga, akidhani naumwa.

Nikaenda kibarazani kutangaza ushindi. Baraza letu lina muuza kahawa, ambaye pia ni spika, na wajumbe wa kila kabila, maana Tanga ni mji wa mkonge na reli: baba wa huyu aliletwa kutoka Kigoma kukata katani, wa yule alitoka Kusini, na hakuna aliyerudi. Nikasema, jamani, watoto wetu sasa wana katuni yao, ina mtoto wa kwetu.

"Wa kwetu wapi?" spika akauliza, akigonganisha vikombe.

"Wa Kilimanjaro."

Nilikosea kuanzia hapo. Mangi, Mchaga wa duka la kona, alijinyoosha akawa mrefu kuliko nilivyowahi kumwona. "Mnaona? Wenye katuni wamefikiri vizuri. Walitafuta Akili iko wapi, wakaikuta Kilimanjaro."

Ilichukua muda utulivu kurudi. Mtani wake Mpare akasema Akili ilitoka Upareni, huko Kilimanjaro imepanga. Muha akataka kujua huyo mtoto asubuhi anakunywa nini. Kama uji wake hauna muhogo, akasema, hiyo si elimu. Mimi Mbondei nikasema, kwa upole, kwamba kama ni matunda basi machungwa ya Muheza yatajwe kwa jina. Fundi cherehani, Mpemba, hakuinua macho kwenye shati. "Nyinyi mna miaka mingapi na televisheni? Sisi tulipokuwa tunaona rangi, nyinyi mlikuwa mnatazama redio." Hakuna aliyejibu, kwa sababu ni kweli.

Mzee wa Tunduru ndiye aliyetuweka chini. Alisema: mnamjua Edward Saidi Tingatinga? Mtu wa kwetu, alikuwa akichora wanyama Dar es Salaam kwa rangi za mafuta, akafa mwaka 1972. Basi mwaka 2010 michoro ya namna yake iligeuzwa katuni ya watoto, Tinga Tinga Tales, ikatengenezwa Nairobi, ikaonyeshwa na BBC. "Chui wetu alikwenda Nairobi akapewa miguu, akaenda London akapewa Kiingereza. Mnabishana uji! Mimi namtafuta chui wangu." Akamaliza kahawa akadai chenji.

Tulipokuwa tunasubiri nani aanze tena, mama mpangaji wa nyumba ya pili, aliyekuwa akikaanga mihogo karibu yetu na hatukudhani anasikiliza, akauliza kama kipindi hicho kina mtu anayeonyesha alama mkononi. Binti yake ni kiziwi, ana miaka mitano, hukaa mlangoni kwangu kila jioni akitazama na somo. Nimemwona mara mia. Tulikuwa tumedai kabila, tunda, mlima na chui, na hakuna aliyekuwa amemdai yeye. Spika akasema hoja imepokelewa, jambo ambalo kwenye baraza lile humaanisha kila mtu ameanza kutazama viatu vyake.

Siku iliyofuata nikamwingiza ndani, nikamweka mbele. Anahesabu na Akili kwa vidole, sauti haimhusu, na anafika kumi wakati somo bado yuko saba anabishana. Nilimwambia somo ajifunze kwake. Akaniambia tusilinganishe watu, kila mtu anajifunza kwa kasi yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichonipata. Nilikuwa nimetaka televisheni ifanane na sisi. Imefanana. Inaongea Kiswahili safi, ina subira, haina kikohozi, haijawahi kumwambia mtoto "ngoja kwanza nimalize taarifa ya habari". Imevaa kanga yangu na imekaa kwenye kiti changu. Yule nguruwe angalau alikuwa mgeni. Ukibishana naye, mtaa mzima uko upande wako. Huyu Akili ni mtoto wa nyumbani, huwezi kumsema. Ukimsema bibi anakuuliza, "Sasa unataka arudi mbuzi wa Ulaya?"

Nikafanya utafiti wangu. Nimesoma kwamba wale wa Sesame Street walikuwa wakiweka kioo cha pili kando ya televisheni, picha zinabadilika kila sekunde saba na nusu, mtu anaandika lini mtoto ameacha kipindi akageukia picha. Kipindi kikimpoteza mtoto, wanakirudia. Mimi sina kioo cha pili, nina maandazi. Nikaweka sahani kando ya televisheni Akili akiwa anaimba, nikakaa na daftari. Somo alinyoosha mkono akachukua andazi bila kuhamisha jicho, akalipapasa, akasema, "Pembe nne." Nikaandika: jaribio limefeli. Andazi la pili nililila mwenyewe, na umbo nililitaja kimoyomoyo.

Ikabaki silaha yangu ya mwisho. Nikasema usiku huu hakuna televisheni, ni hadithi, kama tulivyolelewa. Nikamkalisha mkekani nikapaza sauti: "Paukwa!"

"Ruka tangazo," akasema.

Nikamfundisha pakawa. Nikaanza ile ya wanyama kuchimba kisima wakati wa ukame, Sungura akakataa kuchimba, kisha akawa anakuja usiku kuiba maji. Hadithi hii niliipata kwa bibi yangu Muheza na sijawahi kuona mtoto asiyecheka.

"Kwa nini alikataa kuchimba?"

"Mvivu."

"Babu, tusimwite mtu mvivu. Labda ana huzuni. Walimuuliza anajisikiaje?"

Nikasema ukame ulikuwa mkali, hapakuwa na muda wa kuulizana. Nikaendelea: Fisi akawekwa alinde kisima, Sungura akamdanganya kwa asali, akamfunga kamba.

"Alimwomba ruhusa kumfunga?"

"Somo, huyu ni Sungura."

"Si vizuri kumfunga rafiki. Na asali ni yao wote, wangegawana. Ilikuwa vijiko vingapi?"

Nilikaa kimya. Ukweli ni kwamba kwa mara ya kwanza katika miaka sitini na kitu nilimsikiliza Sungura vizuri. Anaiba, anadanganya, anamfunga mwenzake, anamwachia msala, na sisi tunapiga makofi. Kama ningempeleka leo kwa hao watengeneza vipindi vya watoto, na mabingwa wao wa malezi wamekaa mezani na kalamu nyekundu, asingepita hata getini. Na bado nasema ni hadithi bora kuliko zote. Mtoto anayekulia mahali penye madalali, makonda na wauza viwanja hewa, ni bora amjue Sungura mapema. Nilitaka kumweleza somo hilo lakini alikuwa ameshalala. Bibi yake akasema alilala zamani, kwenye asali, vile vijiko aliviuliza usingizini.

Tumeendelea hivyo. Kwanza Akili, kisha mimi, na matokeo yake mnayajua: sambusa, pembetatu, rudia. Nikikasirika naambiwa nivute pumzi nihesabu mpaka tano, na linaloniudhi kuliko yote ni kwamba inasaidia. Nilijaribu kwenye foleni ya kuhakiki wastaafu, mwaka huu, dirisha lilipofungwa nikiwa wa pili. Nilihesabu mpaka mia mbili na arobaini.

Jana usiku umeme ulikatika Akili akiwa ndiyo kwanza anavuta shuka alale. Mtaa mzima ukapiga ule ukelele wake. Nilikuwa na furaha ya siri, nikajikohoza, nikasubiri kuombwa. Yule binti wa jirani alikuwepo, ameshika tochi ya mama yake. Somo akafikiri kidogo gizani, kisha akanishika mkono akanikalisha kwenye kigoda mbele kabisa ya televisheni iliyozimika, akamwambia mwenzake kwa mikono kitu ambacho sikukielewa, na yule binti akanimulika usoni.

"Babu, sasa wewe ndiye TV."

Nikaanza. Kisima, ukame, Sungura. Kwa kuwa mmoja hasikii, nikalazimika kuruka kama Sungura, kuchechemea kama Fisi, kuchimba kwa mikono mpaka mgongo ukalia. Mwalimu wa miaka 40, mvaa miwani, natambaa sebuleni kwangu kutafuta asali. Binti wa jirani alicheka mpaka tochi ikatikisika. Nikapandisha sauti. Nikafika pale Fisi anaponusa, pale penyewe hasa, mikono juu, meno nje.

Somo akainua rimoti, akaninyooshea, akanipunguza sauti. Bibi alikuwa ameshalala.